Mgonjwa wa Uani

Iliwaka Jumatatu, kwenye mpando wa Osukuru,
kitaa cha njano chenye umbo la injini ndogo.
Gari halikukohoa. Halikutetemeka sana.
Ile sauti ya kike inayonisalimia Kijapani kila asubuhi
ilisalimia, ikanyamaza, kana kwamba hayaihusu.

Wandera fundi alifungua boneti, akaifunga.
"Sista, laki nane. Sensa zote zimekwisha."
Kisha, kwa huruma: "Ama nikuzibie taa kwa selotepu nyeusi,
elfu tano tu, utapata usingizi."

Nimekesha wodini miaka kumi na tisa.
Nawajua wazibao taa.
Homa wameifunika kwa Panadoli wiki tatu,
wanakuja wakitembea, wanatoka wamebebwa.
Nikamwambia ahsante, nikaondoka na njano yangu.

Kijana wa Nyafwono ana kidude cha buluu
kisichozidi kiberiti, hukikodisha elfu kumi kwa usiku.
Unakichomeka chini ya usukani, gizani, kwa kupapasa,
kama unayetafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji.
Simu ikafikiri. Ikaandika:
P, sifuri, moja, saba, moja.
Yaani hewa tele, mafuta haba.
Mchanganyiko umekonda.

Hapo nikakosea, niseme kweli.
Palikuwa na kitufe cha kufuta. Nikafuta.
Taa ikazimika, nikasonga ugali wa wimbi kwa mbwembwe,
nikampigia hata dada yangu aliye Busia.
Alhamisi, mpando uleule, njano ileile.
Nilikuwa nimechana faili,
mgonjwa yuko kitandani.

Jumamosi, basi, nikajifunga kanga kuukuu,
nikamwita Adikini anishikie tochi.
Injini ikinguruma, nikatoa stetoskopu mkobani
("Mama, majirani wanakuona!"),
nikalifungua lile bamba la kifuani, ikabaki neli tupu,
nikaipitisha polepole juu ya mipira,
mbali na feni, mbali na mkanda,
nikisikiliza kama nisikilizavyo mapafu.
Kushoto, hamna.
Nyuma ya kichujio cha hewa, hamna.
Chini kabisa, pale mkono haufiki bila kukwaruzwa,
sssss,
mtu anafyonza uji wa moto.

Nikanyunyiza maji ya sabuni.
Ngurumo ikatulia, ikakaa sawa nukta tatu,
ikarudi kuyumba.
Adikini akaacha kucheka.

Ufa wa urefu wa ukucha, upande usioonekana,
upande unaoelekea moto.
Nikazima, tukanywa chai chuma kipoe.
Duka la vipuri karibu na reli:
mpira elfu kumi na mbili, klipu mbili elfu mbili.
Muuzaji akauliza fundi wangu ni nani.
Nikamwonyesha kucha zangu.
Akanipunguzia mia tano.

Safari hii nikafuta kwa haki.
Nikaenda Nagongera, nikarudi,
mwamba wa Tororo ukichungulia kwenye kioo,
jicho moja barabarani, jicho moja kwenye dashibodi.
Mahali pa njano palikuwa peusi tu,
na mimi nikapatazama, nikapatazama,
nusura nimgonge mbuzi wa watu.

Usiku nikalirudisha bamba mahali pake,
nikasugua grisi kwa spiriti, mara tatu. Bado inanuka.
Ndani ya droo ileile kipo kipimo cha presha
kilichokwisha kukaza mikono ya nusu ya mtaa huu.
Kichwa changu kinagonga tangu Pasaka.
Vidonge viwili alfajiri, kisha naingia zamu.

Adikini yupo mlangoni, tochi bado mkononi,
haijazimwa.
Nikakunja mkono wa gauni.